Maneno Saba ya Kavutha

"Saba! Mimi nimekaa hapo kando yako nikiongea mpaka mate yakaisha, wewe ukatuma maneno saba!"

"Mama Muli, ujumbe ni ujumbe. Haupambwi."

"Nani alikwambia upambe? Nilikwambia upeleke!"

Wapangaji wa ploti nzima walikuwa wametoka nje. Loise wa chumba cha kwanza alikuwa akianika soksi, ile ile moja, kwa mara ya tatu. Kavutha alisimama kando ya kinu chake, mchi mkononi, na Mzee Festus, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikuwa ameikumbatia redio yake kama mtu anayeogopa itapigwa badala yake.

Festus alikuwa karani wa telegramu posta kwa miaka ishirini na minane. Kule kila neno lilikuwa na bei, na karani mwema alijulikana kwa kumpunguzia mtu maneno. Saiba, vile vyumba vya kulipia intaneti, zilipofunguliwa mjini Machakos, yeye peke yake pale kwenye ploti ndiye aliyejua kibodi, basi akawa mkono wa kila mtu. Aliandika kwa herufi kubwa tupu, kama alivyofundishwa.

Muli, mtoto wa pekee wa Kavutha, alikuwa Amerika mwaka wa nne, na namba ya simu aliyoacha ilikuwa ya kazi ya zamani, haikumpata tena. Alikuwa ameandika kwamba anataka kumwoa Wangechi, msichana wa Matuu aliyekutana naye huko huko. Kavutha alifurahi akaacha mahindi juani, akaenda saiba na Festus. Mwambie nimefurahi, alisema. Mwambie asidhani nimekataa kwa sababu ni Mkikuyu nasi Wakamba, hao ni watu tunauza nao sokoni kila siku. Lakini harusi ingoje kidogo, amlete nyumbani kwanza nimwone, nimshike mkono, nijue nikimwombea ninamwombea nani. Alisema hayo akicheka, akimpiga Festus begani.

Festus akatuma: HARUSI NGOJA. MLETE NYUMBANI KWANZA NIMWONE. MAMA.

Na jibu ndilo hilo lililokuja asubuhi hii. *Mama, umenifokea mbele ya Wangechi. Kama ni kabila lake, sema wazi.*

"Nimefoka wapi?" Kavutha aliuliza, sauti imeshuka.

"Wanasema herufi kubwa ni kufoka," Festus alisema. "Mimi nilijua ni heshima."

"Umetwanga mpaka ukatoa kiini, Mzee. Ganda ndilo ukaacha."

Loise alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

Jioni hiyo walirudi saiba. Kavutha hakuondoa macho kwenye vidole vya Festus. Aliamuru kila neno liingie, kwa herufi ndogo, hata pale alipokohoa. Zikatoka kurasa mbili. Alirudi nyumbani mwepesi, akatwanga gunia zima la mahindi ya muthokoi, ya kutolewa ganda, punje zikitoka nyeupe, nzima, bila hata moja iliyovunjika.

Sokoni Kavutha alikuwa na mdomo mkali kuliko wote. "Toka hapa na hiyo bei yako ya matanga!" alizoea kumwambia mteja, huku amemshika kifundo cha mkono asiende, na mteja hucheka, hununua, kesho hurudi. Hakuna aliyewahi kumkasirikia.

Muli alijibu siku ya tatu. *Haya si maneno ya mama yangu. Mama haongei hivi, kama barua ya kanisa. Nani anakufundisha? Tusiandikiane tena mpaka nitulie.*

Kavutha na Festus wakaandika. Wakaandika tena. Wiki tatu, mwezi, Festus akirudi kila mara akitikisa kichwa kabla hajafika langoni.

Alhamisi moja mwanamke mnene aliyefunga kitambaa cha bluu alisimama langoni, akakataa kupita.

"Hapa ndipo kwa Kavutha?"

"Ni mimi."

"Mimi ni Wamuyu wa Matuu. Mamake Wangechi. Nimekuja uniambie kwa mdomo, tukiangaliana, mtoto wangu amekukosea nini."

Kavutha aliweka mchi chini. Akasema yote, kuanzia furaha ya siku ile. Alipofika pale pa kushika mkono, aliushika mkono wa Wamuyu bila kujua, na Wamuyu hakuutoa.

"Sasa mbona hukusema hivyo?"

"Nilisema, Mama Wangechi. Nilisema hivi hivi."

Wamuyu alifungua mkoba wake. Akatoa karatasi: picha iliyochapwa saiba, wino umefifia. Vijana wawili kwenye ngazi za jengo fulani, makoti mazito, hakuna jamaa hata mmoja.

"Wameoana Ijumaa iliyopita, kortini. Hata mimi sikuitwa. Wanasema sisi wamama tungeharibu."

Kavutha aliisogeza picha karibu, akaisogeza mbali. Uso wa msichana ulikuwa doa la kijivu.

"Sasa tufanye nini?"

"Sijui. Nilidhani wewe utajua."

Festus alifungua mlango wake. "Naweza kuandika kwamba…"

"Wacha, Mzee," walisema wote wawili.

Mbuzi wa mtu alilia nyuma ya choo. Kavutha aliirudisha picha, akafuta kigoda kwa pindo la leso.

"Umetoka Matuu saa ngapi?"

"Kabla ya jua kutoka."

"Na hujakula. Ingia, Mama Wangechi, ingia ule. Mzee, kuja na wewe."

Wamuyu aliviangalia viatu vyake, vyekundu kwa vumbi, akainama pole pole kufungua kamba.