Mtani wa Charing Cross

Baba yangu alizikwa Peramiho siku ya Jumanne, na saa hizo mimi nilikuwa Woolwich nikimwogesha bibi mmoja wa Kizungu aliyetaka kujua kama kwetu mvua hunyesha. Nikamwambia hunyesha. Pasi yangu ilikuwa uhamiaji ikisubiri viza mpya, kwa hiyo sikwenda kuzika. Wala sikulia. Sikujikaza, la. Nilikaa kitandani kwa makusudi nikamfikiria baba ili nilie, nikapitiwa na usingizi.

Aliyeogopa ni mama. Kila alipopiga simu kutoka parokiani, swali lilikuwa lile lile: umemlilia baba yako? Kwa mama, kilio kisichotoka hubaki mwilini kikageuka ugonjwa, na alikuwa na dada yake wa kutolea mfano. Nilimjibu bado. Mara ya mwisho akaanza kulia yeye, sasa akinililia mimi, nami nikashika simu mpaka pesa yake ya simu ikaisha.

Watanzania wa Woolwich walikuja kunipa pole. Walileta soda na kuku wa kukaanga, wakajipanga kwenye sofa, wakasema Bwana ametoa na Bwana ametwaa, kisha wakaulizana habari za mabasi. Watu wema, sina neno nao. Lakini msiba ule haukuwa na chumvi, kwa sababu hapakuwa na mtani hata mmoja. Kwetu Wangoni, msiba usio na watani ni mkutano tu. Mtani ndiye anayeingia na fujo, akavaa koti la marehemu, akatembea kama yeye, akawatania wafiwa matangani, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia.

Mtani wangu alikuwepo Uingereza hii hii, ila alikuwa Leeds kwenye mitihani. Anaitwa Zephaniah, Mhehe wa Iringa, mwanafunzi aliyewazidi umri baadhi ya walimu wake. Babu zake na babu zangu walichinjana vitani, na ndiyo maana sisi tunataniana. Isitoshe, aliwahi kufundisha shule ya Peramiho, na jioni alikuwa akila kwetu. Aliporudi London akanipigia. Hakusema pole. Alisema, Mngoni, njoo Charing Cross Jumamosi, kuna mzee nataka umsalimie.

Nikadhani ni mzee wa nyumbani aliyepita London. Nikavaa kitenge ndani ya koti, nikafunga kilemba, nikapanda treni.

Mzee mwenyewe alikuwa wa shaba. Mfalme Charles wa Kwanza, juu ya farasi, kwenye kisiwa cha barabara, na mabasi mekundu yanamzunguka. Ilikuwa mwisho wa Januari 1999, na chini yake palikuwa na mashada ya maua mabichi. Zephaniah akaniambia nimwamkie. Nikasema shikamoo. Kwa kweli nilimwamkia, maana kubisha ni kazi, na mimi sikuwa na nguvu ya kazi.

Akanieleza kwamba watu wake wenyewe walimkata kichwa, kwenye barabara ile ile anayoitazama, miaka mia tatu na hamsini iliyopita. Sanamu hii iliamriwa ivunjwe, fundi aliyepewa kuivunja akaificha. Na mpaka leo, kila Januari, wapo wanaomletea maua.

"Wenzako wanaomboleza mpaka leo," akasema, "wewe wiki ya tatu tu umeshamaliza?"

Akasema hata mtemi wao Wahehe alikatwa kichwa, lakini angalau kilikatwa na Wajerumani, siyo na watu wake mwenyewe. Mngoni yeyote angejua la kumjibu hapo. Mimi nikamwambia pole.

Kisha akapita mama mmoja na mbwa mnene aliyevalishwa sweta. Wahehe, kama kila mtu ajuavyo, tunawatania kwamba wanakula mbwa. Zephaniah akamtazama yule mbwa, akanitazama mimi, akasubiri. Mbwa akavuka barabara salama bila mimi kufungua mdomo. Nadhani hapo ndipo alipoelewa kwamba nimeisha.

Akanipa mfuko wake nishike. Akainama, akakunja suruali mguu wa kulia na kuibana kwa kibanio cha nguo alichokitoa mfukoni. Baba alikuwa akifanya hivyo kila Jumapili, ili mnyororo wa baiskeli usimle suruali. Zephaniah akakohoa kikohozi cha baba, kile cha kuwatangazia majirani kwamba anatoka. Akashika usukani ambao haupo, akarukaruka kwa mguu mmoja, akapanda. Akamzunguka mfalme akipiga pedali hewani, mgongo umenyooka, akiwapungia watu wa London mkono kama wanaparokia. Watalii wakaacha kumpiga picha mfalme wakampiga yeye. Nikaona aibu. Ilikuwa mara ya kwanza kuona chochote tangu Jumanne ile.

Akasimama. Akashuka, akabonyeza tairi ya nyuma kwa kidole gumba, akatikisa kichwa. Bila kugeuka, kwa sauti ya puani ya baba, akaita:

"Eufra! Pampu!"

"Abee, baba," nikaitika.

Niliitika kwa nguvu, kama mtoto aliye jikoni, na mguu ulikuwa umeshatangulia kwenda kuileta. Zephaniah alibaki ameinama, hakuthubutu kunitazama. Nami nikasimama pale na mfuko wa mtu mkononi, nikaelewa kwamba katika dunia nzima hakuna tena wa kuniita hivyo, na kwamba nitazeeka bila kuitika vile tena. Nikakaa chini kwenye mawe, kilemba kikaanguka, nikamlilia baba yangu kwa Kingoni, kwa sauti ya matangani, mpaka mabasi nikawa siyasikii.