Mifuko ya Jumanne

Kichupa kilikuwa kimegeuka manjano.

Bwana Mvuke alikitoa kwenye kabati la joto, akakiinua dirishani, akakigeuza huku na huku kama mtu anayetafuta ufa kwenye yai. Manjano yake hayakuwa ya kubahatisha, ya kumpa mtu nafasi ya kusingizia kivuli au macho ya uzee. Jana asubuhi kilikuwa cha zambarau, na zambarau ndivyo kilivyotakiwa kubaki. Ndani yake mlifungiwa vijidudu visivyomdhuru mtu, ila vigumu kufa kuliko vyote vinavyopita katika maabara ile. Kazi ya kichupa ilikuwa moja tu: kufukiwa katikati ya mzigo wa taka, kupikwa nao, kisha kutoa ushahidi. Vijidudu vikifa, rangi hukaa vilevile. Vikiishi, maji hugeuka.

Vilikuwa hai. Na kama hivi vilitoka hai ndani ya mashine yake, basi hata vile vya wagonjwa, vilivyopikwa ubavuni mwa kichupa, huenda vilitoka hai.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasorobo. Lori la taka lilikuwa limeondoka saa tatu.

Jina la Bwana Mvuke alipewa na vijana wa maabara, naye akalivaa kwa fahari, hata mkewe akawa analitumia akitaka kumwomba kitu. Kwa miaka kumi na tisa ndiye aliyeendesha mashine ya mvuke ya hospitali ya kifua, chungu cha chuma chenye kimo cha mtu, ambamo kila kikopo cha makohozi, kila chupa ya kuoteshea vijidudu na kila glavu iliyovuliwa vilipita kabla ya kutolewa nje. Utani wao ulikuwa kwamba hakuna kitokacho chumbani kwake kikiwa na roho isipokuwa yeye mwenyewe, na hata yeye hana hakika. Mashine aliijua kwa sikio. Aliweza kukaa kwenye stuli yake, amefumba macho, akakwambia imefika joto gani.

Sikio hilo ndilo lililomponza. Joto la mwaka huu lilipoanza, watu wa ghorofa ya juu walilalamikia harufu, na ili wamwondolee kelele akaanza kuifunga mifuko midomo, kuikaza kabisa, kisha kuishindilia ndani ya mashine ikabanana. Yeye huyo huyo aliyewafundisha wengine miaka nenda miaka rudi kwamba mfuko hupikwa mdomo wazi, mvuke upate pa kuingilia. Alijiambia joto ni joto. Mashine iliunguruma vilevile, na utepe uliobandikwa juu ya kila mfuko ulitoka na mistari myeusi kama kawaida, dalili kwamba moto umeupitia. Akaridhika na mistari. Sasa ilimjia ghafla, kama aliyemwagiwa maji ya baridi mgongoni, kwamba nje kuliiva na ndani kulibaki kubichi.

Na asubuhi ya leo hakungoja kichupa kiseme. Stoo ilikuwa imejaa hadi mlangoni na lori huja Jumanne tu. Aliitoa mifuko kumi na minne, akaandika kwenye daftari neno lake la siku zote, *imepita*, akatia sahihi.

Chumbani hapakuwa na mtu mwingine. Alijikuta amesimama mbele ya mashine, mkono mmoja umeshika mpini wa mlango, mwingine umeshika kichupa. Nusu saa tu humo ndani pamoja na taka nyingine, na pasingekuwa na shahidi. Amebakiza miaka miwili astaafu. Alijaribu kufikiri nani angeumia, na wa kwanza kumjia alikuwa dereva wa lori, mume wa binti yake wa mwisho, ambaye hupakua mifuko ile kwa kuibeba begani.

Akauachia mpini.

Mkuu wa maabara alikuwa mwanamke ambaye angeweza kuwa binti yake mkubwa. Yeye humwita mzee wangu. Bwana Mvuke humwita Daktari, hata wakikutana sokoni. Aliingia bila kubisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akakiweka kichupa juu ya karatasi zake.

Daktari alikitazama. "Cha mzigo gani?"

"Wa jana."

"Na mzigo uko stoo."

"Umeshaondoka, Daktari."

Hakumfokea. Alifunika kalamu yake, akainuka, akamuuliza harakaharaka mifuko ilikuwa mingapi, ndani mlikuwa na nini, na kwenye lori yuko nani. Utulivu ule ulimtisha Bwana Mvuke kuliko matusi. Daktari aliposikia kwamba mifuko mitatu ilikuwa na chupa za kuoteshea vijidudu vya kifua kikuu, alikwenda kabatini kuchukua barakoa za kubana.

Bwana Mvuke alimpigia simu mkwewe mara kumi na moja. Iliita ikakatika, iliita ikakatika. Mkwewe hapokei simu akiwa kwenye usukani; Bwana Mvuke mwenyewe ndiye aliyemkataza, siku mjukuu alipozaliwa, na kijana wa watu alikuwa ameshika neno.

Waliondoka kwa gari dogo la Daktari, wamebeba mapipa mawili yenye vifuniko, glavu nene na galoni la klorini lililokuwa likichezacheza nyuma kila walipopiga kona. Barabarani mtu wa mkokoteni alikuwa amemwaga matofali, na magari yote yalisimama kumngoja ayaokote moja moja. Daktari alishika usukani kwa mikono miwili ingawa gari halikuwa likienda.

"Wale wanaookota huko dampo," alisema, "huwa wanafungua mifuko yetu?"

Bwana Mvuke alisema hajui. Hajawahi kufika. Miaka kumi na tisa ameitoa mifuko mlangoni na kuisindikiza kwa macho hadi getini, na mawazo yake hayakuwahi kuvuka geti.

Lori walilikuta limeshamwaga. Mkwewe alikuwa akinawa mikono kwenye pipa, anaimba. Aliwaona, akakatiza wimbo.

"Shikamoo, Baba. Mbona huku?"

Bwana Mvuke alimkabidhi barakoa, akamwambia avae na aonyeshe alipomwaga. Kijana alitazama uso wa baba mkwe wake, akavaa bila kuuliza.

Walihesabu mifuko kwa kuielekezea kidole kabla ya kuigusa. Kumi na mitatu ilikuwa mizima, imelala pale ilipoangukia. Walihesabu tena, Daktari akianzia upande wa pili, wakakutana kwenye kumi na mitatu. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka upande wa lundo, umebeba moshi na vumbi. Ndipo waliposikia mgongano wa kitu chepesi, tak, tak, tak.

Chini ya kivuli cha turubai walikaa wanawake watatu. Aliyekuwa katikati wenzake walimwita Bi Mizani, kwa sababu huinua kiroba kwa mkono mmoja akakutajia uzito wake, na mnunuzi akipima anakuta ni huohuo. Mfuko wa kumi na nne ulikuwa mbele yake, umepasuliwa vizuri kwa kisu kama tikiti. Alikuwa akifungua chupa moja moja: kifuniko beseni la kushoto, chupa beseni la kulia, na kabla ya kuitupa chupa beseni aliigonga kwenye jiwe, kilichokuwa ndani kidondoke.

Tak.

Daktari alisimama mbali kidogo, akamwomba aweke chini alichoshika, wote watatu wainuke wasogee upande upepo unakotoka. Bi Mizani hakuwa na papara. Aliweka chupa, akainuka, akawatazama wale watatu waliojifunika nyuso mbele yake.

"Kila Jumanne mnaleta," alisema. "Leo ndiyo mmekuja mmejifunga hivyo."

Daktari alianza kueleza kwa maneno ya ofisini, kwamba kumejitokeza hitilafu, kwamba kwa tahadhari tu. Bi Mizani alimsikiliza kidogo kisha akainama, akaokota kipande cha mfuko chenye utepe, akakinyoosha mbele yao.

"Mimi sifungui ovyo, mwanangu. Mfuko usio na mistari hii siugusi, hata uwe umejaa dhahabu. Huyu dereva wenu ndiye aliyenifundisha: wenye mistari umepikwa. Huu unayo. Itazame."

Mkwewe aliinamisha kichwa. Mistari ile Bwana Mvuke aliibandika kwa ajili ya mkaguzi, ambaye alikuja mara moja kwa mwaka akanywa chai akaondoka. Kumbe kulikuwa na mtu aliyeisoma kila wiki, mmoja mmoja, kwa makini ambayo yeye mwenyewe aliyapoteza zamani. Na ilimuuma kukumbuka kwamba kule chumbani, kilichoutoa mkono wake kwenye mpini ni mkwe. Mwanamke huyu hakumjia akilini kabisa.

"Mistari imedanganya, dada," alisema. "Mpishi ni mimi. Nje umeiva, ndani haukuiva."

Bi Mizani alitazama viganja vyake, kisha akaviweka mbali na nguo zake.

"Huu tu?"

Swali lilikuwa fupi, na jibu la kumwokoa Bwana Mvuke lilikuwa fupi vilevile. Daktari alijua habari za mzigo wa jana na si zaidi. Hakujua kwamba vichupa vya kupimia viliisha wiki tano zilizopita, vipya vikafika Ijumaa tu. Na kwamba katikati hapo, asubuhi baada ya asubuhi, Bwana Mvuke alisikiliza mashine, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika *imepita*. Angeweza kusema ndiyo, huu tu. Upepo ulipiga turubai.

"Wiki tano," alisema.

Akaendelea, akayasema yote: vichupa, harufu, midomo ya mifuko, daftari.

Bi Mizani alikuwa akihesabu Jumanne kwa kukunja vidole. Kidole cha tano kilipokunjika, aligeuka akawatazama wenzake.

"Tuko wanne hapa," alisema. "Mwenzetu hajaja tangu Ijumaa. Anakohoa. Anasema ni vumbi."

Kisha wote walishika kazi. Klorini ilimwagwa juu ya mabeseni, juu ya jiwe, juu ya mkeka, ikaachwa ikae. Mifuko ilivishwa mifuko mingine, ule uliopasuliwa ukatiwa pipani, na yote ikarudishwa lorini. Wanawake walinawa mikono hadi viwiko, Bi Mizani akinawa mara ya pili na ya tatu bila kuambiwa. Mkwewe alitumwa pamoja na mmoja wa wanawake kumfuata yule wa nne nyumbani, madirisha yote ya lori yakiwa yameteremshwa.

Wakati wa kurudi, walipofika geti la hospitali, Daktari alizima injini, akabaki ameangalia mbele.

"Kila Ijumaa niliweka sahihi chini ya sahihi yako," alisema. "Sikuwahi kukuuliza vichupa viko wapi. Nitaandika hilo pia." Kisha akanyoosha mkono. "Naomba ufunguo wa chumba, mzee wangu."

Akampa. Jioni alimweleza mkewe kila kitu, wamekaa uani, naye mkewe hakumtetea wala hakumlaumu. Aliuliza tu kama mkwe wao ameshapimwa, na alipoambiwa tayari, akaingia ndani.

Alhamisi wanawake wanne walikuwa kwenye benchi la kliniki. Daktari alikuwa amewaambia ukweli, kwamba kipimo cha leo hakitaonyesha yote, kwamba warudi tena baada ya miezi mitatu hata wakijiona wazima. Yule wa nne alikaa pembeni, mwembamba, amevalishwa barakoa, anakohoa kidogokidogo kama anayeomba radhi. Mashine ilikuwa ikiendeshwa na kijana wa ghorofa ya chini, mifuko ikiwa mdomo wazi, na harufu ilijaa hadi juu. Safari hii hakuna aliyelalamika.

Bwana Mvuke alipewa kazi ya kugawa vikopo. Aliwaonyesha pa kusimama, nje, penye hewa, akawaeleza wavute pumzi ndefu mara mbili kisha wakohoe kutoka kifuani, si mate ya mdomoni. Alieleza vizuri. Bi Mizani alimsikiliza bila kumtazama. Akaenda nyuma ya ukuta, akakaa huko kitambo, akarudi na kikopo chake.

"Kikishapimwa hiki, kinakwenda wapi?"

"Kwenye ile mashine."

"Atakipika nani?"

"Sijui, dada. Kikao cha kuamua habari zangu ni kesho."

Sasa alimtazama. Bwana Mvuke alingoja tusi, na angelipokea. Bi Mizani alikaza kifuniko, akakijaribu kwa kidole gumba, akakaza tena. Kisha akakishika kikopo kwa mikono miwili, akapita mbele ya benchi polepole kuelekea dirisha la maabara, akikiweka mbali na watu.