Rubani wa Akiba

Joelle Pruitt alikuwa anaoga, simu imefungwa kwenye mfuko wa nailoni na kuning'inizwa kwenye bomba. Rubani wa akiba, anayeitwa ghafla kuziba pengo, haachi simu hata chooni. Ofisi ya zamu ikipiga ana dakika kumi na tano za kujibu na saa mbili za kufika uwanjani, na asipojibu, basi tena. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni: aliyeajiriwa juzi hufukuzwa bila hata kuelezwa kosa lake. Joelle alikuwa na miezi mitano kazini, na mwaka wa majaribio ulibakiza saba.

Chumba alichopanga na wenzake karibu na uwanja wa ndege wa Chicago kilikuwa na vitanda sita vya ghorofa na marubani kumi na wawili, wakiingia na kutoka wakati wowote. Zamu yake ya kungoja simu ilianza saa kumi alfajiri, lakini saa saba usiku mmoja wao alirudi akiburuta begi, na usingizi ukamruka moja kwa moja. Tangu hapo alikuwa macho, anaikodolea simu. Tangu alfajiri hadi mchana haikulia. Angejua haitalia mapema, angelala.

Ililia saa tisa na nusu alasiri, povu bado kichwani. Alikuwa Denise wa ofisi ya zamu. Safari ni ya mji wa Duluth, abiria sabini, na huko theluji inaanguka. Joelle akamwambia kwamba yuko macho tangu saa saba usiku.

"Kwa hiyo unasema umechoka?" Denise akauliza. "Maana ukilitamka hilo neno, mie lazima niliandike, na mkuu wa marubani atakuita. Kompyuta hapa inasema umepumzika masaa kumi kamili kabla ya zamu, dada. Niandike nini?"

Aliiogopa theluji, akamwogopa na mkuu wa marubani, na aliona aibu kwamba huyo wa pili ndiye aliyemtisha zaidi.

"Andika nakuja."

Kapteni Gerald Haugen, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa ameshaketi ndani ya ndege. Kabla ya kuruka, kila rubani hubonyeza kitufe kuthibitisha kwamba amepumzika na yuko fiti. Sheria hiyo iliwekwa kuwalinda abiria. Mambo yakiharibika, wataulizwa waliobonyeza, siyo Denise. Joelle akainua macho, akamkuta kapteni anamtazama, anangoja. Akadhani anapimwa. Akabonyeza.

Haugen akashusha pumzi, naye akabonyeza.

"Nilikuwa naomba ukatae," akasema kwa sauti ya chini.

"Mimi?"

"Mimi nimeshakataa mara mbili tangu Krismasi. Ya tatu wananivua ukapteni. Nimelala masaa matatu tu, binti."

Mhudumu akachungulia, akasema abiria wote wameketi, je, afunge mlango? Haugen na Joelle, kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake akatae. Mhudumu akangoja kidogo, kisha akaufunga.

"Basi tupige soga njia nzima," Haugen akasema, akikaza mkanda. "Stori yoyote ile. Ukiona nimenyamaza, nipige bega."

"Na tukinyamaza wote wawili?"

Haugen akanyoosha mkono, akawasha injini ya kushoto.