Spika za Mpira za Fidelis

Nakutegea kitendawili wewe unayenisikiliza: nyumba yangu ina milango miwili isiyo na komeo, mwenyewe akilala mlinzi hukesha. Fikiri kwanza. Usikurupuke kama Fidelis, mjukuu wangu, aliyesema ni pua. Nilimwambia pua hailindi kitu, mume wangu, ni masikio hayo.

Ilikuwa miaka ile simu zilipoanza kuimba. Fidelis alikwenda Nachingwea, akarudi na habari za Anselmo, muuza spika za masikioni pale sokoni. Anselmo alimjaribisha za aina mbili. Za plastiki ngumu hukaa mlangoni mwa sikio. Nzuri kwa kwaya na taarabu, sauti ya mwimbaji inakuja safi, ila na ya nje inaingia. Za mpira huzama ndani zikaziba kabisa. Ndizo za bongo fleva, besi inakupiga mpaka kwenye meno. Fidelis akachukua za mpira.

"Na nikikuita shambani?" nikamuuliza.

"Utaongeza sauti, mke wangu," akasema, anacheka.

Mwaka huo simba alikuwa ameonekana kijiji cha Chunyu, halafu mbuzi wakaanza kupotea kwetu Narung'ombe. Na kwetu, mtu akiwa dunguni, kile kichanja cha kulindia nyani, humwendei kimya. Unasimama mpakani mwa shamba, unauliza, "Upo?" Akijibu, unaingia. Asipojibu, unarudi kuita wanaume na mikuki. Hata mtoto anajua.

Alasiri moja Fidelis alikuwa dunguni, tukampelekea ugali, mimi na jirani yangu Rabia. Nikasimama mpakani nikaita, "Fidelis, upo?" Kimya. Nikaita tena. Hata ndege walikuwa wamenyamaza.

Rabia akanishika khanga, akasema turudi. Nikamwambia ni zile spika za mpira tu, yule sasa hata radi haisikii.

"Desturi haijui spika, dada Teodosia," akanijibu, akageuka mbio kuita watu. Mimi nikaingia.

Ufuta ulikuwa umenipita kichwa. Nikatembea huku namlaani Anselmo moyoni, na maneno ya kumsuta mtoto nimeshayapanga. Mahali fulani mashina yalikuwa yamelala chini. Nikasema nguruwe hao. Kisha ikaja harufu, kama ya ngozi mbichi. Sikusimama.

Ndipo nikaliona dungu. Fidelis alikuwa amechuchumaa juu, amekumbatia magoti. Waya ulining'inia ukingoni, na zile spika zilikuwa zinabembea hewani, zinajiimbia zenyewe. Masikio yake yalikuwa wazi.

Kumbe alikuwa ananisikia.

Bakuli likawa zito mikononi. Nikauliza kwa sauti ndogo ambayo hata mimi sikuijua kuwa yangu, "Fidelis, upo?"

Hakunitazama. Aliutazama ufuta uliokuwa kati yangu na yeye.

"Nipo, Bibi," akasema polepole. "Usisogee. Naye yupo."