Pumzi ya Kuazima

Pale uwanja wa ndege hakuna aliyekuwa na pumzi safi kumshinda Breki, na hayo si maneno ya kumpamba, yalikuwa kwenye karatasi. Kila siku ya kazi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, aliingia chumba cha zamu, akabonyeza namba yake kwenye kile kimashine cha kupima ulevi kilichopigiliwa ukutani, akapuliza, na kimashine kikatema kikaratasi chenye sifuri. Miezi ishirini na tatu, sifuri tupu. Marubani wenyewe walipimwa siku wanazoruka tu. Breki hakuwa anaruka. Alikuwa anaosha ndege, anakwangua mavi ya kunguru kwenye mabawa, anapakia mabegi ya abiria, na bado lazima apulize. Mtu aliyesimama mbele ya hakimu mara mbili kwa kuendesha gari akiwa amelewa, nani atamwamini, hata kwa ndoo ya maji?

Na huyu bwana alikuwa kapteni, tena kapteni wa kutajika, mistari minne begani na maringo ya kuwagawia majirani. Pombe ndiyo iliyommaliza, na mimi sitamtafutia visingizio: hakufiwa, hakuachwa, hakurogwa. Alikunywa kwa sababu alipenda kunywa. Mara ya kwanza aliubomoa ukuta wa shule, bahati yake ilikuwa Jumapili. Akaadhibiwa, akalia, akaapa, na jioni ile ile akaenda kujipongeza kwa kuapa. Mara ya pili alikuwa na bintiye garini, mtoto wa miaka tisa. Wakaingia mtaroni, mtoto akapasuka kidevu. Mahakamani akajitia hamnazo, akamwambia hakimu kwamba breki zilikataa. Kumbe mkaguzi wa magari alikuwa amekaa benchi la mbele na ripoti mkononi: breki nzima, hazina hata mkwaruzo. Mahakama nzima ikaangua kicheko, na jina likamganda hapo hapo.

Leseni ya urubani ikaenda na maji. Baadaye mamlaka ya anga ikamwachia upenyo mmoja wa kurudi. Akae miaka miwili bila tone, apimwe kila siku, na kila mwisho wa mwezi rubani mwenye leseni anayefanya naye kazi aandike ripoti na kutia sahihi kwamba mtu huyu yu mzima. Ripoti ishirini na nne mfululizo. Ikikosekana moja, anaanza moja. Na Breki alikuwa na miaka hamsini na minne. Akianza upya, nani angemwajiri mzee wa hamsini na sita aliyewahi kuingia mtaroni?

Mkewe, mwalimu wa hesabu, alimwambia bila kupandisha sauti, "Nimekupa ishirini na nne. Ya ishirini na tano usiniombe." Ripoti zote alizifungia kabatini kwake, maana hakumwamini mumewe hata na karatasi.

Sasa, aliyekuwa akiziwekea sahihi ni Dogo.

Dogo alikuwa rubani msaidizi wa Breki enzi zile. Breki ndiye aliyempachika hilo jina. Alimbebesha begi, alimtuma soda, alimkaripia mbele ya abiria, na wakitua alimburuta baa akamfundisha kunywa kama mwanamume. Alimfundisha na ujanja wote: tafuna buni za kahawa, vaa miwani myeusi, ongea kidogo, simama upande unakoelekea upepo. Dogo alikuwa mwanafunzi msikivu. Sasa yeye ndiye kapteni na mwalimu wake ndiye mwosha ndege, na jamani, kisasi alikilipa kwa kijiko, kidogo kidogo, asikimalize.

"Shikamoo, mwalimu!" angeivuta hiyo shikamoo mpaka watu wageuke. "Viatu vyangu vimekula vumbi, hebu vitazame."

Breki angechutama na kitambaa. Mbele ya abiria, Dogo angemshika bega. "Mnamwona huyu? Alinifundisha kuruka. Mimi nikamfundisha kuosha." Watu walicheka, na Breki alicheka nao, kwa sababu mwisho wa mwezi haukuwa mbali. Siku moja aliambiwa aombe sahihi kwa magoti, kwa utani tu, na kwa utani huo huo akapiga magoti. Alijikaza kisabuni. Alisema moyoni, nitameza, nitameza yote, ripoti zikitimia nitamtapikia.

Basi ikafika Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa ishirini na nne. Breki aliamka amejaa furaha ya kitoto, akanyoa ndevu mara mbili. Mkewe alimtazama mlangoni, akamwekea kola sawa, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ile kesi. "Ukipata sahihi, nipigie," alisema. "Nikiwa darasani nitatoka."

Saa kumi na mbili na nusu akapuliza. Sifuri. Karani wa zamu akatoka kwenda kuchemsha chai, kama kawaida yake. Saa kumi na mbili na dakika arobaini mlango ukafunguliwa, akaingia Dogo. Miwani myeusi, na nje bado kuna ukungu. Taya zinatafuna. Breki hakuhitaji kusogea karibu. Harufu ya kahawa ilikuja kwanza na nyuma yake ikaja ile nyingine, ile anayoijua kuliko jasho la mkewe.

"Kapteni," akasema Breki, "umeamkia nini?"

"Nimelalia, sikuamkia." Dogo akacheka peke yake. Akafunga mlango kwa kisigino. "Mwalimu, nipulizie."

"Nini?"

"Acha kutoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Nabonyeza namba yangu, unapuliza wewe. Pumzi unayo, tena ya bure."

"Dogo, una abiria kumi na wawili."

"Wewe umewahi kuruka na wangapi ukiwa umelewa kuliko mimi?" Akavua miwani. Macho yalikuwa mekundu, na hayakuwa na mzaha. Akatoa ripoti mfukoni, ile ya ishirini na nne, imeandikwa yote, imebaki sahihi tu. Akailaza mezani, akaweka kalamu juu yake. "Nisiporuka leo nimemwaga unga, maana wameshanionya. Na nikimwaga unga, unafikiri nitakaa kuandika ripoti za watu? Au niandike kwamba leo asubuhi nimekusikia unanuka?"

"Mashine imesema sifuri."

"Mashine haiweki sahihi."

Breki akaitazama ile karatasi. Sijui wewe ungefanya nini, na usiniambie haraka. Alimwona mkewe ametoka darasani, simu sikioni. Aliona miaka miwili ya kuchutama kwenye viatu vya mtu. Akajiambia, huyu anajua kazi, mimi mwenyewe nimeruka hivyo mara ngapi, si nilitua? Dogo akabonyeza namba yake, kimashine kikalia kuomba pumzi. Breki akainama, akapuliza pumzi ndefu, safi, isiyo na doa. Kikaratasi kikatoka na namba ya Dogo: sifuri.

Dogo akatia sahihi, kubwa, na kimkia chini yake. Akampiga Breki vijikofi viwili shavuni. "Sasa wewe ndiye mwanamume."

Breki alitoka na ripoti kifuani, ndani ya shati, akaenda kupakia mabegi. Hakupiga simu. Alijiambia atapiga ndege ikisharuka. Mama mmoja aliyebeba mtoto mchanga mgongoni akamsogelea pale kwenye ngazi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege.

"Baba, samahani. Huyu rubani anaijua kazi kweli?"

"Anaijua," akasema Breki. Akasikia sauti yake imetoka ile ile aliyomwambia nayo hakimu.

Dogo alikuwa anazunguka ndege kuikagua, kama anavyopaswa kila rubani kabla ya kuruka, anagusa hapa, anagusa pale. Chini ya bawa kuna kijimrija kinachopokea upepo na kumwambia rubani ana mwendo gani. Ndege ikilala, kijimrija huvalishwa kifuko chekundu wadudu wasiingie, na mwenye kukivua ni rubani. Dogo akafika pale. Mkono wake ukapita juu ya kile kifuko, ukakipapasa kama mtu anayesalimia mtoto, ukaendelea. Kifuko kikabaki, chekundu, kinapepea. Dogo akapanda ngazi akipiga mluzi.

Breki alikivua kile kifuko. Na angeweza kuishia hapo, si ndiyo? Angekitia mfukoni, akanyamaza, akapiga simu yake. Lakini hakukitia mfukoni. Akakumbuka kidevu cha mwanawe, nyama ilivyofunguka na mtoto akawa anamuuliza yeye, baba, ni damu? Akaanza kukimbia, mzee mzima, kuelekea ofisi ya Mama Usalama.

Mama Usalama, mkuu wa usalama wa kampuni, alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alisikiliza sentensi mbili, akanyanyua redio na ndege ikasimamishwa pale pale. Dogo akashushwa, akapulizishwa mbele yake, na kimashine kikatoa namba iliyomfanya karani aseme "Loo!" na kufunika mdomo. Abiria nao wakashushwa. Wakaambiwa safari hakuna mpaka kesho, na wakamgeukia nani? Breki, ndiye aliyekuwa karibu, ndiye aliyekuwa anarudisha mabegi. Mmoja alimwita mchawi wa safari za watu. Yule mama mwenye mtoto alikusanya kanga zake, akamtazama juu mpaka chini. "Na wewe uliniambia anaijua kazi."

Ofisini, karani akiwa bado mlangoni, Mama Usalama akaweka vikaratasi viwili mezani, kimoja kando ya kingine.

"Hiki cha saa hizi nakielewa. Hiki cha saa kumi na mbili na dakika arobaini, namba yake, sifuri. Nani alipuliza?"

Breki angeweza kusema mashine mbovu. Angeweza kusema hajui. Ulimi ulishaanza kuitafuta ile njia yake ya zamani, na yeye akaukatalia, mara yake ya kwanza maishani. "Mimi," akasema.

Mama Usalama akafumba macho. "Mungu wangu. Kwa nini umeniambia?"

"Umeniuliza."

"Ningeandika mashine imeharibika, ungepona," akasema kwa hasira, na hasira ile ilikuwa ya huruma. "Karani ameshakusikia. Sasa siwezi."

Wiki tatu baadaye barua mbili zikaja kutoka mamlaka, na Mama Usalama akamsomea Breki zote mbili akiwa amesimama. Ya Dogo ilisema amekiri kwamba ni mgonjwa wa pombe, tangu ujana, tangu alipofundishwa na mkubwa wake wa kazi. Mamlaka imempongeza kwa ujasiri. Atatibiwa, atapimwa, ataandikiwa ripoti ishirini na nne, na akimaliza salama atarudi kuruka. Pale uwanjani wenzake walimchangia kadi kubwa ya kumtakia nafuu, na Breki alipelekewa asaini. Akasaini.

Ya Breki ilisema ameghushi kipimo cha usalama. Leseni hapati, si baada ya miaka miwili, si baada ya ishirini. Uwanjani asionekane tena, hata na ndoo.

"Lakini mimi ndiye niliyeisimamisha hiyo ndege," akasema Breki.

"Hilo wameliandika pia. Ukurasa wa pili, chini."

"Wamesemaje?"

"Kwamba ulichelewa dakika hamsini."

"Na miaka yangu miwili? Sijaonja hata tone, mama. Vikaratasi vyote si unavyo?"

"Ninavyo. Hawabishi." Akaikunja barua, akampa. "Wamesema ulevi ni ugonjwa, una dawa. Udanganyifu hawana dawa yake. Nenda nyumbani, kaka."

Akaenda nyumbani. Mkewe alikuwa sebuleni anasahihisha madaftari, binti yuko chumbani anasoma kwa sauti. Breki akampa barua. Mwalimu akaisoma yote kama anavyosoma majibu ya mwanafunzi, kalamu ikifuata mstari kwa mstari, akarudia ukurasa wa pili. Kisha akaiweka juu ya madaftari.

"Siku ile ulikuwa umekunywa?"

"Sikunywa. Naapa kwa huyo mtoto."

"Usiape kwa mtoto. Hata kidogo?"

"Hata kuonja. Miaka miwili yote."

"Yeye ndiye aliyekunywa."

"Ndiyo."

"Na yeye ndiye atakayerudi kuruka."

"Akipona, ndiyo."

Mwalimu akahesabu kichwani. Hakulia wala hakupiga kelele, na Breki, aliyejiandaa kwa yote mawili, hakujua aweke wapi mikono. Mkewe akainuka, akafungua kabati, akatoa ripoti zote ishirini na nne, hata ile ya mwisho aliyoletewa bila kupigiwa simu, akampa mkononi kama anamrudishia mtu mali yake.

"Basi si bora ungelewa tu," akasema.