Kipindi cha Nasma

Bi Sikujua alikuwa anapepeta chenga za mchele, chakula cha mchana na cha usiku hichohicho, gari la wale watu wa kamera lilipoingia tena kijijini Ruaruke. Mara ya kwanza walikuja na biskuti. Mtu anayekugawia biskuti bure, aliwaza, siku akirudi anataka sinia.

Mara ile ya kwanza alishuka Hemedy, kijana wa Dar, mcheshi kupita kiasi, kamera begani.

"Shikamoo bibi! Tunatengeneza vipindi vya watoto. Mila zenu zisipotee, ardhi ya mababu ilindwe. Watoto wasikie Kindengereko kwenye simu, sio katuni za Wazungu tu."

"Marahaba. Na nyie mnapata nini?"

"Thawabu, bibi."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Ila mjukuu wake Nasma alilia mpaka akaruhusiwa. Akaimba, akaruka, akaonyesha shamba lao la ufuta. Mwisho Hemedy akamwingiza kwenye kichaka walikozikwa wazee, kinachopakana na shamba. Na kichaka kile kina masharti, hata mtoto anayajua: ukishaingia kivulini mwake, mdomo unafunga mpaka utoke.

Sasa luninga ikawashwa ofisi ya kijiji, watu wamejaa hadi madirishani. Nasma huyo! Watoto wakapiga vigelegele. Mara kichaka. Sauti ya Hemedy: "Nasma, pori hili lina wenyewe?" Nasma akatikisa kichwa. Picha ikakatika.

"Bibi," Nasma akanong'ona, "nilimwonyesha na kidole mdomoni mwangu, kwamba hapaongelewi. Mbona hicho wamekitoa kwenye picha?"

Afisa wa mradi aliyekuja na kina Hemedy akasimama, suruali imenyooka pasi. "Mmemwona mtoto wenu wenyewe. Pori halina mwenyewe. Mwekezaji ataanzia hapo, na kile kiufuta kilichovamia pembeni kitang'oka."

"Kiufuta ndo tunachokula!" Sikujua akasimama. "Muhidini, wewe ndo mwenyekiti. Waambie baba yako kalala wapi."

Muhidini akaangalia viatu vyake. Vipya. "Bi Sikujua, tusiharibu kikao."

"Kikao au ulaji?"

Kicheko kikapita, kikafa.

"Bibi ana ubishi," afisa akasema, anatabasamu. "Haina shida. Twende hukohuko, tumuulize mbele ya kamera. Akisema ni pao, tunafuta mradi."

"Niulize hapa hapa."

"Aa-aa, bibi. Hapa ni ofisini. Ushahidi uko porini."

Wakaenda, kijiji kizima nyuma yao. Ukingoni mwa kichaka, Hemedy keshatangulia ndani, Sikujua akavua ndala, akaingia. Baridi ya majani ikamshika miguu. Hemedy akainua kamera, kitaa chekundu kikawaka. Hakumtazama usoni.

"Haya bibi. Pori hili lina wenyewe?"

Sikujua akageuka kumtafuta Muhidini. Mwenyekiti kasimama kivulini kama wengine, viatu vipya mkononi, mdomo kaufunga kwa adabu zote.

Kitaa bado kinawaka. Nasma anautazama mdomo wa bibi yake.