Draya ya Dada Aida

...wanne tu, dukani hapa tuko wanne tu, dada Aida jirani yangu, Enoka mwenye duka, mimi, na Dennis amelala mgongoni kwenye kitenge, hakuna hata mteja mmoja wa kujificha nyuma yake, na dada Aida ananigeukia, mama Mercy, wewe unaonaje, draya nyekundu au nyeusi, kana kwamba mimi ni mtu wa kuulizwa, mimi niliyeiua ile ya kwanza, na Enoka ameshachomeka nyekundu ukutani, inanguruma, anasema sikia upepo huo dada, unakausha mpaka mawazo, na dada Aida anacheka, basi mpulizie huyu rafiki yangu, tangu asubuhi kanuna, na upepo wa moto unanijia usoni na ndani yake nasikia harufu ileile ya sufu inayobabuka, ingawa hapa hakuna sufu, kuna plastiki mpya na vumbi la malori yanayosubiri kuvuka mpaka, harufu iko kichwani mwangu tu... ilikuwa Ijumaa, mvua siku ya tatu, ukungu mpaka mlangoni, nguo haikauki, na Mercy amekaa kitandani analia kwa sauti ndogo kwa sababu mwalimu wa zamu anawarudisha getini wasio na sweta, na sweta ni hilohilo moja, linachuruzika maji, nikakimbia kwa dada Aida, nikasema naomba draya nikaushe nywele za mtoto, nywele, nilisema nywele, sijui kwa nini nilidanganya, angenipa hata ningesema sweta, alinipa mikono ikiwa na unga, akaifunga kwenye taulo isilowe, yeye mwenyewe analowa pale mlangoni... shika uone uzito, ananiambia, naishika, ni nyepesi, nasema nzuri... niliiingiza ndani ya sweta nikafunga mikono na shingo ili joto lisitoke, likavimba kama kuna mtu ndani, Mercy akaacha kulia, akacheka, mama, sweta limeshiba, nikaenda kukoroga uji, niliporudi draya imezimika yenyewe na ile harufu imejaa, nikaiacha ipoe, nikaiwasha, ikakohoa, ikawaka, nikajiambia imepona, nikazungusha waya kama nilivyoukuta, nikairudisha, nikasema asante dada, Mungu akubariki, nikamtaja na Mungu...

Kwani ile ya zamani ilikufa na nini, Enoka anauliza, nami najifanya namrekebisha Dennis mgongoni ingawa amelala vizuri, na dada Aida anasema umeme tu, umeme wa kwetu unakuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga... na kesho yake, Jumamosi, nilikuwepo, nimekaa kwenye kigoda sebuleni kwake, Fides, binti anayekaribia kuolewa, anatengenezwa nywele za sendofu yake, nusu ya kichwa imenyooka, nusu bado, draya ikatoa cheche na moshi, Fides akapiga kelele, dada Aida akaitupa sakafuni, na jambo la kwanza alilofanya ni kunigeukia mimi, pole mama Mercy, ingekulipukia jana ukiwa na mtoto ningesema nini, mimi, alinipa pole mimi, na Fides akaenda kwenye sendofu yake na kilemba, na wanawake waliokuwa wanakuja sebuleni kutengenezwa nywele kila Jumamosi wakahamia kwingine, nami nikanyamaza wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, na leo asubuhi kanigongea, twende ukanisaidie kuchagua, dada Aida huyuhuyu aliyekuja kuniosha nywele Dennis alipozaliwa, mshono unauma siwezi kuinua mkono, akanikausha polepole kwa draya hiyohiyo, kiganja chake amekiweka kati ya moto na sikio langu, nisiungue... sema sasa, kabla hajafungua pochi, dada Aida haikuwa umeme, maneno manne tu, mbona hayatoki, na Enoka anasema chukua hii nyekundu, ina moto mkali, bwino bwino, safi kabisa, wenzetu wa Nakonde ng'ambo wanazimaliza, lakini dada Aida anaigeuza, anakwaruza mgongo wake kwa ukucha, hii wavu wa nyuma hautoki, mimi nataka inayofunguka nisafishe, ah dada, Enoka anasema, nywele haziingii huko nyuma, nywele hapana, anasema dada Aida, bila kunitazama, ila ile yangu niliifungua kabla ya kuipeleka kwa fundi nikakuta nyuzi za bluu, zimejaa tele, za sufu, na anaendelea kwa sauti ileile, nyumbani kuna watoto, mvua ikinyesha huwezi kujua mtu atahitaji kukausha nini... za bluu, sweta la Mercy ni la bluu, alijua, alijua sasa hivi aliposema umeme, alijua asubuhi alipogonga mlango, wiki tatu nilidhani naficha kumbe yeye ndiye ananifichia, kwa Fides, kwa wale wanawake wa Jumamosi, kwa Enoka ambaye hata hanijui jina, na uso unaniwaka, naona aibu kuliko nilipoingia, kuliko siku ile ya moshi, lakini sina tena cha kuogopa, na nyekundu bado inanguruma mkononi mwa Enoka, na Dennis bado amelala, na dada Aida ananiwekea ncha ya waya wa ile nyeusi kiganjani, hebu vuta mama Mercy, tuone urefu wake, unafika dirishani au haufiki, na mimi navuta, unafika, nasema, dada Aida, unafika, dada Aida, lilikuwa sweta...

Tulichukua nyeusi, yenye wavu unaotoka. Mwezi wa nne niliiazima tena, nikasema ni ya sweta.